Mbuzi Waliogeuzwa Kabati

Siku ya soko, mji mdogo wa Kabati hujaa hata mtu akaomba radhi kwa migongo asiyoijua. Upande wa nguo kuna kelele, upande wa mboga kuna kelele zaidi, lakini upande wa mifugo, ambako vumbi huchanganyika na mlio wa mbuzi na hasira za wachuuzi, hapo ndipo soko lenyewe lilipo. Na hapo ndipo Mutindi alipoinama kumtazama meno mbuzi dume mdogo, mweusi, mwenye mstari mweupe uliomzunguka tumboni kama mshipi. Alipoinuka, alikuta mkono mwingine umeishika kamba ile ile.

"Dada, mwachie. Nimeshamwona huyo," alisema mwenye mkono.

"Wewe umemwona, mimi nimemshika. Nani yuko mbele?"

Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye koti la ngozi katika jua lile la kuchoma, na viatu vilivyong'arishwa kana kwamba alikuwa akienda kupokea cheti. Mutindi alikuwa katika koti lake jeupe la dukani, kalamu sikioni, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakuona sababu ya kujipangusa.

"Unataka kumfanya nini?" aliuliza.

"Kumchinja. Kwani mbuzi ni wa kufanywa nini kingine?"

"Ukimchinja huyu utapata mchuzi wa mgonjwa mmoja. Mtazame meno! Huyu bado mtoto. Ni wa kufuga."

"Wewe ni daktari?"

"Nauza dawa za mifugo, pale mkabala na kituo cha petroli. Na wewe ni nani?"

"Naitwa Gichuru. Nina bucha Salama, kwenye barabara ya Mombasa."

"Nilijua tu. Macho yako yanapima kilo."

Wachuuzi walicheka. Gichuru naye alicheka, tena kwa sauti kubwa kuliko wote, na huenda ni kicheko hicho kilichomponza Mutindi, kwa sababu hakuwa amewahi kumwona mwanamume akifurahia kuchekwa. Gichuru alimnunua yule mbuzi, akamfuata Mutindi hadi dukani na kununua dawa ya minyoo ambayo hakuihitaji. Alipokuwa akiondoka aliapa mbele ya mizani na magunia ya chakula cha kuku kwamba mbuzi yule hatachinjwa. Alimpa jina la Mshipi.

Tangu siku hiyo simu ya Mutindi haikupoa.

"Daktari wangu, mgonjwa wako amekula vizuri leo."

"Mgonjwa yupi, Bwana Kilo?"

"Wote wawili. Mimi na Mshipi."

"Mshipi mpe maji. Wewe kunywa chai ulale."

"Sina usingizi, laazizi. Nikifumba macho naona kalamu iliyo sikioni mwako."

Basi mapenzi yao yakakua hivyo, baina ya kaunti mbili, yeye Kitui na mwenziwe Makueni. Gichuru alikuwa Mkikuyu ambaye baba yake alihamia Salama zamani, akazaliwa papo hapo kando ya barabara kuu. Alikijua Kikamba cha biashara, lakini desturi za Wakamba hakuzijua. Kwa hiyo alipoamua kumwoa Mutindi alimtafuta Mwau, rafiki yake mwenye duka la vipuri, amfundishe. Mwau alimfundisha kuhusu ntheo, yaani wale mbuzi watatu ambao mwanamume hupeleka nyumbani kwa msichana ili mlango wa ndoa ufunguliwe. Kama ntheo haijapelekwa, hata pete ya kanisani wazee huitazama kama pambo tu.

"Mshipi ndiye atakayekuwa dume wa ntheo yako," Gichuru alimwambia kwenye simu. "Sasa amekuwa beberu. Ukimwona utamwamkia."

Kulikuwa na jambo moja tu lililomkera Mutindi. Mpakani mwa kaunti zao, mahali ambapo mto wa msimu huteremkia Mto Athi, kuna hifadhi iitwayo Iviani. Wenyeji waliitenga miaka michache iliyopita, baada ya malori kuikomba mito mingine mchanga hadi ikabaki mifupa ya mawe. Ndani yake kuna ufuko wa mchanga laini uliokingwa na miamba pande tatu, na kidimbwi cha maji ambacho hakikauki hata Septemba. Watu waliotoka huko walisimulia kama waliokwenda ng'ambo. Gichuru alikuwa ameahidi kumpeleka.

"Jumamosi hii," alikuwa akisema, na Jumamosi ikifika: "Mpenzi, Jumamosi ndiyo siku ya nyama. Madereva wamejaa hadi nje. Wiki ijayo."

"Wiki ijayo nayo ina Jumamosi, Gichuru."

"Usikasirike."

"Sijakasirika. Nikikasirika utajua."

Kwaya ya kanisa lao la Migwani, nyumbani kwao Mutindi, ilipopanga kwenda Iviani kurekodi video ya wimbo wao, Mutindi hakungoja ahadi ya mtu. Ilikuwa Ijumaa ya sikukuu, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya ntheo. Mama yake alinung'unika kwamba bibi arusi hatembei siku moja kabla, kisha naye akajifunga leso na kuingia katika basi la kanisa pamoja na mjomba Mutisya, ambaye ni mzee wa kanisa na mtu asiyekosa safari yoyote yenye chakula.

Kwenye lango la hifadhi walimkuta mlinzi mmoja, mwanamke wa makamo aitwaye Kanyiva, mwenye sare ya kijani, na ufagio mkononi mahali pa rungu.

"Viatu vinabaki hapa," alisema. "Moto hauingii. Mifugo haiingii. Na mkitoka, kila mtu atakung'uta mchanga wangu kwenye hili turubai. Hata ulio kwenye mifuko. Hata ulio kwenye nywele."

"Punje mbili za mchanga, mama, kweli?" mjomba alicheka.

"Mto uliokufa kule ng'ambo ulianza kwa punje mbili, mzee. Vua viatu."

Mutindi alipoukanyaga ufuko ule alisimama papo hapo. Mchanga ulikuwa wa rangi ya unga wa wimbi, wenye joto juu na baridi chini, na mguu ulipozama ulipokelewa kama na mkono. Miamba iliuzuia upepo, hivyo maji ya kidimbwi yalitulia hata yakaonyesha ndege kabla hajapita. Waliimba hapo asubuhi nzima wakiwa katika sare zao za zambarau, huku Kiilu, mpiga gitaa, akilaani nyuzi zilizoingia mchanga. Adhuhuri walitoka nje ya lango kula, kwa kuwa ndani moto hauruhusiwi. Kiilu alikuwa ameleta mbuzi wa shukrani, kwani mkewe alikuwa amejifungua salama mtoto wao wa kwanza. Mjomba Mutisya ndiye aliyechinja, na mama yake Mutindi, kama mkubwa wa akina mama, akapewa figo.

Mutindi alipanda juu ya mwamba kutafuta mtandao.

"Bwana Kilo! Niko Iviani! Umechelewa, nimeshauona ufuko wako bila wewe!"

"Uko na nani huko?" Sauti ya Gichuru ilikuja na mlio wa panga la kukatia nyama.

"Na watu wote! Tumemla mbuzi wa Kiilu, kanona huyo! Mjomba Mutisya amechinja mwenyewe, Mwaitu amepewa figo, kila mtu amefurahi!"

"Mbuzi wa Kiilu? Yule wa gitaa?"

"Huyo huyo. Una wivu?"

Mutindi aliwahi kumwuliza hivyo zamani, Kiilu alipombebea mkoba hadi kituoni, na Gichuru alipouliza huyo ni nani, Mutindi alicheka tu bila kumjibu. Wivu ule ulimpendeza. Sasa pia alicheka, akangoja jibu, lakini mtandao ulikuwa umekwisha kukatika.

Siku ya ntheo waliamka mapema, Migwani. Uwanja ulifagiliwa, viti vikaazimwa kanisani, sufuria za pilau na isyo zikapangwa juu ya mafiga, mahindi na maharagwe yakinukia hadi barabarani. Mutindi alivaa gauni la kijani kibichi lenye mikono mipana, alilolishonesha kwa siku hiyo, na kitambaa cha kichwani cha rangi ya dhahabu. Wazee wa ukoo walikaa kivulini na fimbo zao. Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Mutindi alipiga simu mara nyingi, nayo iliita tu hadi ikachoka.

Hatimaye simu yake ikalia. Ni Muthoki, anayeuza matunda Kabati mkabala na kituo cha petroli.

"Mutindi, wageni wako wamefika?"

"Bado. Kwa nini?"

Muthoki alisita. "Nimeona pikapu ya Salama hapa. Mbuzi watatu nyuma, mmoja ana mshipi mweupe. Wazee wamevaa makoti. Wametia mafuta, wakasimama kando, wakabishana. Halafu..."

"Halafu nini?"

"Wamegeuza gari, dada. Wamerudi walikotoka. Soko zima limeona."

Mutindi aliishusha simu polepole. Aliwatazama wazee wa ukoo wake, wakipangusa midomo iliyokuwa bado haijala kitu. Alimtazama mama yake, aliyekuwa amesimama na mwiko mkononi, na uso wake ukimwambia kwamba amesikia. Hakulia.

"Pakueni," alisema. "Chakula kisiharibike."

Jumatatu alifunga duka. Alivaa gauni lile lile la kijani, kwa sababu alitaka yule mwanamume alione, akapanda gari hadi Salama. Bucha ya Gichuru haikumpotea: kioo kikubwa, moshi wa nyama choma, malori yameegeshwa foleni, madereva wameketi kwenye mabenchi wakikata nyama kwa visu vidogo. Gichuru alikuwa nyuma ya kioo, na aproni nyeupe, na macho mekundu ya mtu ambaye hajalala.

"Karibu," alisema kwa sauti kavu. "Nikuite Daktari, au nikuite mke wa Kiilu?"

"Unasema nini?"

"Polepole. Wateja wanakula."

"Wanakula nini, Gichuru?"

Gichuru alishika kisu, akaendelea kukata. Lakini macho ya Mutindi yalikuwa yameshapita mlango wa nyuma uliokuwa wazi, yakafika uani, kwenye waya wa kuanikia. Hapo ilining'inia ngozi nyeusi yenye mstari mweupe unaoizunguka.

Alipita kati ya mabenchi hadi mkono wake ukaifikia. Ngozi ilikuwa imeanza kukauka na kuwa ngumu ukingoni.

"Wanakula nani, Gichuru?" aliuliza tena, na safari hii madereva waliacha kutafuna. "Kunigeuza njiani kama mzigo uliokosewa mlango, hilo labda ningelimeza! Wazee wangu kukaa na njaa hadi alasiri, hilo labda ningelimeza! Lakini mbuzi wa ntheo yangu! Mbuzi uliyeniapia mbele ya mizani yangu! Umewauzia madereva kwa kilo!"

"Na wewe umekula wa nani?" Gichuru naye alifoka, akaangusha kisu. "Ulinipigia mwenyewe, ukicheka! Mjomba amechinja, mama amepewa figo! Mwau alinifundisha: mbuzi wa mwanamume akichinjwa na mjomba wa msichana, imekwisha, huyo ni mke wa mtu. Si desturi yenu hiyo? Tulipofika Kabati nikamweleza ami yangu, nikamweleza Mwau, wakaniambia nikienda Migwani nitakuta mwenzangu amekaa kwenye kiti changu. Ulitaka nije nifanye nini? Nile makombo?"

Hapo ndipo Mutindi alipoelewa. Jibu lilikuwa moja, fupi, na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi: Kiilu ana mke, ana mtoto, mbuzi alikuwa wa shukrani. Kama angelisema, mambo yote yangelikwisha pale pale. Lakini alimtazama mwanamume huyu aliyemhukumu kwa siku nzima, akamgeuzia mbuzi, akanoa kisu na kuchinja, na katika yote hayo hakuona haja ya kumwuliza swali moja. Jibu la bure hakustahili.

"Ulikuwa na simu," alisema. "Ilikuwa mfukoni mwako pale petroli. Nilikuita, nikakuita."

"Niliiona."

"Uliiona!"

Aliivuta ngozi kutoka kwenye waya, akaikunja kwapani.

"Hiyo ina mnunuzi," Gichuru alisema bila nguvu.

"Mwambie imepata mwenyewe. Na huyo Mwau wako mwulize mbuzi wa shukrani kanisani huchinjwa na nani. Halafu usinipigie simu."

Gichuru aliuliza, kwa maana jioni hiyo hiyo simu zilianza. Mutindi aliifungia namba yake. Alipiga kwa namba ya Mwau; akaifungia. Mwau akatuma ujumbe mrefu wa kukiri kwamba alimfundisha rafiki yake nusu ya desturi na kuacha nusu. Mutindi alimjibu kwa maneno machache: "Nusu hiyo ndiyo iliyonivua nguo sokoni." Kabati watu walikuwa na adabu ya kutomwuliza, lakini walipokuja kununua dawa walimwangalia kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko matusi. Mjomba Mutisya alitangaza kwamba ukoo hautapokea tena hata kwato kutoka Salama.

Siku moja simu ya duka ililia, ile ya mezani kwa wateja.

"Dawa za mifugo, habari yako?"

"Nzuri. Nataka dawa ya minyoo."

"Ya mbuzi au ya ng'ombe?"

"Ya mjinga," sauti ilisema. "Anapungua kila siku. Hali chakula."

Mutindi alikaribia kucheka, na alijichukia kwa hilo. Hasira ikamrudia kwa nguvu mpya. "Mjinga hana dawa hapa. Jaribu hospitali."

"Mutindi, usikate. Tafadhali. Nipe mahali popote uniseme hadi uchoke. Sitajitetea."

Mutindi aligeuka kutazama mlangoni. Nje, katika kituo cha petroli, gari moja lilikuwa likigeuza, na aliona jinsi matairi yake yanavyochora duara vumbini.

"Iviani," alisema. "Uliniahidi Iviani. Jumamosi."

"Jumamosi ndiyo si..." Alijizuia. "Jumamosi. Nitafunga."

Mutindi alifika kabla yake. Kanyiva alimtambua, akaitazama ngozi aliyoibeba. "Mfugo hauingii," alisema, kisha akamtazama uso. "Lakini huyo hawezi tena kula majani yangu. Pita." Mutindi aliitandika ngozi juu ya mchanga, karibu na kidimbwi, akaketi juu yake na gauni lake la kijani, mgongo kwa lango. Alisikia Kanyiva akimwamuru mtu avue viatu. Alisikia miguu ikija polepole, isiyozoea mchanga.

Gichuru alikuja bila koti la ngozi. Alikuwa amekonda kweli. Aliiona ngozi, akasimama.

"Keti kwenye mchanga," Mutindi alisema. "Hapa juu pana mwenyewe."

Aliketi.

"Nina kiu," Mutindi alisema. "Chimba."

"Maji si hayo pale?"

"Hayo ni ya ndege. Sisi kwetu maji ya kunywa huchimbwa mchangani. Hilo nalo Mwau hakukufundisha? Chimba hapo penye alama, na mchanga urudishwe ukimaliza."

Alianza kuchimba kwa mikono, mikono ile minene ya kubebea mapaja ya ng'ombe, na mchanga uliporomoka ndani kila alipoutoa. Mutindi alimtazama, na huku akimtazama akamwambia yote. Alimwambia juu ya wazee kivulini. Alimwambia juu ya mama yake, ambaye tangu siku ile hajaenda kwenye kikundi cha akina mama. Alimwambia juu ya pilau iliyoliwa na majirani wasiotazamana. Sauti yake iligonga miamba na kurudi, na hakuipunguza. Gichuru alichimba. Shimo lilipofika urefu wa kiwiko maji yalianza kujikusanya chini, ya rangi ya chai ya maziwa.

"Yamepatikana," alisema.

"Hayo machafu. Yamwage."

Aliyateka kwa kikombe cha plastiki, akayamwaga. Mengine yakaja.

"Kwa nini hukuniuliza?" Mutindi aliuliza. "Hilo tu. Mengine yote nimeyaelewa."

Gichuru alikitazama kikombe. "Niliogopa. Nilijua nikikuuliza, na ukisema ndiyo, basi ni kweli. Nisipouliza, nilikuwa na hasira tu. Hasira niliweza kuibeba hadi Salama. Hilo lingine nisingeliweza."

"Mshipi ndiye uliyembebesha hasira yako."

"Ndiyo. Alinifuata mwenyewe hadi kwenye kamba. Alizoea mkono wangu. Nimechinja tangu nikiwa kijana, Mutindi, na sijawahi kutapika. Siku hiyo nilitapika."

Mutindi aliyageuza macho. Alikuwa amejiandaa kwa maneno matamu na hakuwa amejiandaa kwa hilo.

"Yamwage hayo pia," alisema.

Aliyamwaga. Walingoja mpaka shimo likajaa tena, taratibu, na safari hii chembe za mchanga zilionekana moja moja chini ya maji. Gichuru alikijaza kikombe, akampa kwa mikono miwili. Mutindi akanywa yote. Yalikuwa baridi, yenye ladha ya jiwe.

"Usifikiri nimekusamehe kwa sababu nimekunywa maji," alisema. "Bado nina hasira. Nitakuwa na hasira hata siku ya ntheo. Nitakuwa nayo hata baada ya harusi, nikikuona umeshika kisu nitakukumbusha."

Gichuru aliinua kichwa. "Kwa hiyo kuna harusi?"

"Rudisha mchanga wa watu shimoni, wewe!"

Lakini alikuwa amelisema, na wote wawili walikuwa wamelisikia. Gichuru aliufukia mchanga kwa makini, akausawazisha kwa kiganja, na alipomaliza alipiga magoti pale pale kwenye unyevu.

"Mutindi, binti wa watu wa Migwani, sina mbuzi hapa. Sina wazee. Sina hata viatu, yule mama amevichukua. Nakuuliza swali, na safari hii nitangoja jibu hata likiwa baya. Utanikubali?"

Mutindi alisimama, akaiokota ngozi.

"Migwani nitazungumza mimi. Mjomba Mutisya atapiga kelele, kisha atauliza nani anapika. Lakini kuna Kabati. Kabati ilikuona ukigeuka. Basi Kabati itakuona ukipita. Mbuzi watatu, wazee wako, makoti na yote. Mtashuka garini kabla ya petroli, na mtapita sokoni kwa miguu, siku ya soko."

"Ami yangu ana goti bovu."

"Goti lake lilikuwa zima siku ya kubishana."

Langoni Kanyiva alikuwa amewatandikia turubai. Gichuru alikung'uta mikunjo ya suruali, akageuza mifuko, akakuna mchanga uliojificha chini ya kucha. "Na ngozi," Kanyiva alisema. Walishika kila mmoja upande wake, Mutindi miguu ya mbele, Gichuru ya nyuma, wakaikung'uta pamoja mpaka punje za mwisho zikaanguka. Hakuna aliyeachia mapema.

Siku ya soko iliyofuata, Mutindi alikuwa mlangoni mwa duka lake katika koti jeupe, chini yake gauni la kijani. Alipaswa kuwa nyumbani akingoja, na mama yake alikuwa amempigia mara mbili kumkaripia. Alijibu kwamba atafika kabla yao, ana jambo moja la kushuhudia.

Pikapu ilisimama mbali, nje ya soko. Akawaona wakishuka. Ami yake Gichuru, mzee mwenye kofia na fimbo, alikuwa akichechemea na kulalamika. Mwau alishika majike wawili, kichwa chini. Mbele yao Gichuru, katika suti ya kijivu, alimvuta dume kijana mwekundu ambaye hakutaka kabisa kupita kati ya watu. Soko likaanza kuwatambua. Wauza nyanya waliinuka. Muthoki alipanda juu ya kreti. Mtu mmoja alipiga mluzi na kuuliza, "Leo mafuta yanatosha?" na kicheko kikapita kutoka meza hadi meza, na shingo ya Gichuru ikalowa jasho, lakini aliendelea.

Walipofika kwenye kituo cha petroli, mahali pale pale, dume alikataa. Alisimamisha miguu minne ardhini, akavuta kamba nyuma kuelekea Salama. Watu walishangilia. Gichuru alimvuta, akateleza kwenye mafuta, akaanguka goti moja na suti yake. Aliinua macho, akamwona Mutindi ng'ambo ya barabara, amekunja mikono, kalamu sikioni.

Hakutabasamu. Hasira yake ilikuwa bado iko pale pale, nzima, na alitaka Gichuru aione. Kisha aliweka mikono mdomoni kama anayeita ng'ombe mlimani:

"Mbele, Bwana Kilo! Mbele!"

Gichuru alisimama. Aliinama, akamkumbatia yule mbuzi tumboni, akamwinua mabegani na kwato zake zote zikipiga, akakivuka kituo cha petroli mbio, huku ami yake akimfuata na fimbo na soko zima likipiga kelele nyuma yao.

Mutindi alilivua koti jeupe, akalitundika, akafunga duka. Alikuwa na njia ya mkato ya kwenda Migwani, na pikipiki ilikuwa inamngoja.